Mashabiki na wanahisa waisubiri The Witcher 4 kwa matumaini na hofu

WAHENGA walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Msemo huo unawafaa watu wa aina mbili wanaosubiri bidhaa moja kutoka Poland. Wa kwanza ni mashabiki wa mchezo wa kompyuta uitwao The Witcher. Wa pili ni wanahisa wa CD Projekt, kampuni inayoutengeneza, ambayo hisa zake huuzwa na kununuliwa katika Soko la Hisa la Warsaw. Wako pia ambao ni mashabiki na wanahisa kwa wakati mmoja, na hao ndio wenye hofu maradufu.

Toleo la nne la mchezo huo lilitangazwa rasmi 12 Desemba 2024 katika hafla ya tuzo za michezo ya kompyuta mjini Los Angeles, Marekani. Filamu fupi ya dakika zipatazo sita ilionyeshwa, na mashabiki duniani kote wakaanza kuichambua picha kwa picha. Machi 2025 kampuni ikawaambia wawekezaji wake kwamba mchezo hautatoka kabla ya mwaka 2026 kwisha. Tangu wakati huo mazungumzo ya mashabiki na ya madalali yamekuwa juu ya swali moja: utatoka lini?

Makala haya yanasema kwamba swali hilo si la kwanza. La kwanza ni hili: siku utakapotoka, je, utakuwa umeiva? Mwandishi wa safu hii ni miongoni mwa mashabiki, kwa hiyo msomaji ajue kwamba anayeandika hapa hana moyo baridi. Lakini hesabu ni hesabu, na historia ya kampuni hii inatupa mifano miwili ya kupimia: mmoja wa mwaka 2015 na mwingine wa mwaka 2020.

ZAO LA MIAKA MINGI

CD Projekt ilianzishwa Warsaw mwaka 1994 na vijana wawili, Marcin Iwiński na Michał Kiciński. Haikuanza kwa kutengeneza michezo. Ilianza kwa kuagiza michezo ya diski kutoka nje na kuiuza Poland, katika soko lililojaa nakala za wizi. Baadaye ikapata jina kwa kuitafsiri michezo ya kigeni katika Kipoland na kuitia sauti za waigizaji wanaojulikana. Kutoka uchuuzi ikaingia kwenye utengenezaji, na mwaka 2007 ikatoa mchezo wake wa kwanza, The Witcher.

Hadithi yenyewe ilitokana na vitabu vya mwandishi wa Poland, Andrzej Sapkowski. Mhusika mkuu ni Geralt wa Rivia, mwindaji wa mazimwi anayefanya kazi kwa malipo. Anakwenda kijiji hadi kijiji, anapatana bei na wanakijiji, kisha anakwenda kumtafuta zimwi. Mara nyingi anagundua kwamba ubaya umeanzia kwa watu wenyewe.

Toleo la pili lilitoka mwaka 2011 na la tatu 19 Mei 2015. Hilo la tatu ndilo lililoipa kampuni umaarufu mkubwa duniani. Mwaka 2023 kampuni ilitangaza kwamba nakala zaidi ya milioni 50 za toleo hilo zimeuzwa, na mwaka 2025 ikasema zimepita milioni 60. Ni michezo michache sana iliyowahi kufikia idadi hiyo.

Hapa mwekezaji anapaswa kuielewa biashara hii ilivyo. Kiwanda cha bia huuza kila siku, na mwezi mmoja ukiwa mbaya ule unaofuata huweza kufidia. CD Projekt ni kama mkulima wa zao moja linalovunwa baada ya miaka mingi. Kati ya The Witcher 3 na mchezo wake mkubwa uliofuata, Cyberpunk 2077, ilipita miaka 5. Kati ya huo na The Witcher 4 itakuwa imepita zaidi ya miaka 6. Muda wote huo mishahara inalipwa, na mamia ya watu wanafanya kazi ambayo haijaanza kuingiza hata senti moja. Mwaka 2025 zaidi ya watu 400 walikuwa kwenye kazi ya mchezo huu peke yake.

Mavuno yakija, huja kwa namna ya pekee. Gharama karibu zote zimekwishalipwa kabla. Nakala ya milioni kumi haigharimu zaidi ya nakala ya kwanza, hasa siku hizi ambapo mnunuzi hupakua mchezo kwa intaneti bila diski wala boksi. Ndiyo maana mchezo mzuri huweza kuilisha kampuni kwa miaka kumi. Kwa sababu hiyo hiyo, mchezo ulioharibika siku ya kwanza hupoteza fedha za miaka mingi.

YALIYOTOKEA DESEMBA 2020

Mwaka 2020 CD Projekt ilikuwa kipenzi cha wawekezaji wadogo wa Poland. Mwezi Mei mwaka huo thamani yake sokoni iliipita Ubisoft ya Ufaransa, ikawa kampuni ya michezo ya kompyuta yenye thamani kubwa kuliko zote za Ulaya. Sababu ilikuwa moja: Cyberpunk 2077 ulikuwa unakuja. Mchezo huo ulikuwa umetangazwa tangu 2012, na ulitazamiwa utoke 16 Aprili 2020. Ukasogezwa hadi 17 Septemba, kisha 19 Novemba, kisha 10 Desemba. Katika mwezi wa Septemba wafanyakazi waliagizwa kufanya kazi siku 6 kwa wiki, ingawa mwaka uliotangulia wakuu walikuwa wameahidi kuwapunguzia mzigo wa saa za ziada.

Nakala milioni 8 zilikuwa zimelipiwa kabla ya siku ya kutoka. Kwa lugha ya sokoni, hiyo ni sawa na kununua mazao yangali shambani: unalipa leo kwa kuamini mvua itanyesha. Kampuni ikatangaza kwamba fedha hizo za awali zimekwisharudisha gharama. Mwanzoni mwa Desemba hisa moja iliuzwa kwa zaidi ya zloti 400.

Mchezo ulipotoka, waliokuwa na kompyuta zenye nguvu walicheza kwa kiasi cha kuridhisha. Lakini mamilioni ya watu walikuwa na mashine za kizamani kidogo, PlayStation 4 na Xbox One, zilizoingia sokoni mwaka 2013. Kwao mchezo ulikwama, picha zilikatika, na mara nyingine mashine ilizima mchezo yenyewe. Tarehe 18 Desemba kampuni ya Sony iliuondoa mchezo kwenye duka lake la intaneti, na wateja wakaruhusiwa kurudishiwa fedha zao. Haukurudi dukani humo hadi 21 Juni 2021.

Hisa zilipoteza zaidi ya theluthi ya thamani yake ndani ya wiki chache za mwezi huo. Mwaka 2022 ziliporomoka hadi chini ya zloti 100. Wawekezaji nchini Marekani walifungua kesi wakidai kwamba hawakuelezwa hali halisi ya bidhaa, na Desemba 2021 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 1.85 ili kesi imalizwe. Januari 2021 Marcin Iwiński mwenyewe alikuwa ametokea kwenye video na kuomba radhi kwa wateja.

Msomaji azingatie jambo moja. Mchezo huo haukukosa wanunuzi. Hadi 20 Desemba 2020 nakala zaidi ya milioni 13 zilikuwa zimeuzwa, baada ya kutoa zilizorudishwa. Kwa hiyo bei ya hisa haikuanguka kwa kukosa mauzo. Ilianguka kwa sababu imani ilivunjika, na soko lilikuwa limelipia imani hiyo mapema kwa bei ya juu.

MATUMAINI YA SHABIKI

Hata hivyo si haki kuishia hapo. Baada ya aibu ile kampuni haikukimbia. Iliendelea kuurekebisha mchezo kwa karibu miaka mitatu, na tarehe 26 Septemba 2023 ikatoa nyongeza kubwa iitwayo Phantom Liberty. Wachezaji waliokuwa wameususia walianza kurudi. Novemba 2024 kampuni ilitangaza kwamba Cyberpunk 2077 umepita nakala milioni 30. Bei ya hisa nayo ilipanda tena polepole, na mwaka 2025 ilivuka zloti 200. Shabiki anaona hapo kampuni inayoweza kujifunza.

Tumaini la pili ni la ufundi. Machi 2022 kampuni ilitangaza kwamba inaiacha injini yake yenyewe ya kutengenezea michezo, na kwamba itatumia Unreal Engine 5 ya kampuni ya Epic Games ya Marekani. Injini ya nyumbani ilikuwa kama karakana inayojengwa huku gari linatengenezwa ndani yake. Kila mchezo mpya ulidai zana mpya, na kijana aliyeajiriwa leo alihitaji miezi ya kujifunza zana ambazo hazipatikani kwingineko. Injini inayotumiwa na kampuni nyingi huleta mafundi walio tayari.

Tumaini la tatu lilionekana Juni 2025 mjini Orlando, Marekani. CD Projekt na Epic walionyesha kazi yao ikiendeshwa kwenye PlayStation 5 ya kawaida, picha 60 kwa sekunde. Ciri alionekana akipita na farasi wake katika milima ya Kovir, nchi ambayo michezo iliyotangulia haikuwahi kuifikia, kisha akaingia kwenye soko la mji uliojaa watu. Wakuu walieleza kwamba safari hii wameanza na mashine za nyumbani, kisha ndipo waende kwenye kompyuta kubwa. Kwa aliyeumizwa mwaka 2020, hiyo ndiyo habari iliyokuwa ikingojewa.

Tumaini la nne haliingii kwenye hesabu za kampuni, lakini ndilo linalouza. Katika toleo la tatu kuna mtawala mmoja mlevi ambaye mkewe na bintiye wamemkimbia, naye anamwomba Geralt amtafutie. Mchezaji anaanza akimchukia, anafika mahali pa kumhurumia, na mwisho hajui amhukumu vipi. Shabiki hakulipa kwa sababu ya panga na mazimwi tu, kwa maana panga na mazimwi yako katika michezo mingi. Alilipa kwa ajili ya hadithi kama hiyo. Anatumaini kuipata tena.

HOFU ZAKE

Hofu ya kwanza ni ya mhusika. Geralt amewekwa pembeni, na nafasi kuu amepewa Ciri, msichana aliyemlea kama bintiye. Wako mashabiki waliofurahi na wako walionung'unika. Hoja yenye uzito ni hii: katika toleo la tatu Ciri ana nguvu kubwa za kuzaliwa nazo, huweza kutoweka hapa na kutokea pale. Mtu mwenye nguvu hizo atakuwaje mwindaji wa mazimwi anayehangaika kutafuta kazi vijijini? Tena, toleo la tatu lilikuwa na miisho mbalimbali. Kwa mchezaji mmoja Ciri alikuwa mwindaji, kwa mwingine alitawazwa kuwa malkia wa dola ya Nilfgaard, na kwa mwingine hakurudi kabisa. Mchezo mpya umechagua njia moja, na waliochagua nyingine wanangoja kuona kama uamuzi wao utaheshimiwa au utafutwa kimyakimya.

Hofu ya pili ni ya mikono. Konrad Tomaszkiewicz, aliyeongoza utengenezaji wa toleo la tatu, aliondoka mwaka 2021 na kuanzisha kampuni yake, Rebel Wolves. Wengine waliondoka pia. Mwaka 2023 kampuni ilitangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 100, karibu asilimia 9. Toleo la nne linaongozwa na Sebastian Kalemba, aliyekuwamo tangu siku za toleo la tatu. Jungu ni lile lile, lakini baadhi ya wapishi ni wapya.

Hofu ya tatu ni ya haraka. Oktoba 2022 kampuni ilitangaza kwamba The Witcher 4 ni mwanzo wa michezo mitatu, na kwamba yote mitatu itatoka ndani ya miaka 6 tangu wa kwanza. Tupige hesabu. Michezo mitatu ya kwanza, kutoka 2007 hadi 2015, ilichukua miaka 8, nayo ilikuwa midogo kuliko inayotarajiwa sasa. Wakati huo huo kampuni ina kazi ya mwendelezo wa Cyberpunk na miradi mingine. Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kufungua matawi matatu kwa mkupuo anajua mahali shida inapoanzia.

Hofu ya nne ni ya injini ile ile tuliyoisifu. Baadhi ya michezo iliyotengenezwa kwa Unreal Engine 5 imelalamikiwa na wanunuzi kwa kukwamakwama hata kwenye kompyuta za bei kubwa. Na yale maonyesho ya Juni 2025, kampuni yenyewe ilieleza kwamba yalikuwa ya kiufundi, si kipande cha mchezo wenyewe. Soko lililopambwa kwa ajili ya wageni si soko la kila siku.

TAREHE SI KIPIMO

Watu wengi hudhani kwamba mchezo ukiahirishwa ni habari mbaya. The Witcher 3 ulikuwa utoke mwishoni mwa 2014. Ukasogezwa hadi Februari 2015, kisha Mei 2015. Walionunua hisa kwa kutegemea Krismasi ya 2014 walikasirika. Leo hakuna anayeikumbuka miezi ile michache, maana ilizaa zaidi ya miaka kumi ya mauzo.

Lakini kuahirisha peke yake si dawa. Cyberpunk 2077 ulisogezwa mara tatu na bado ukatoka mbichi. Tofauti ilijulikana kabla ya siku ya kutoka, kwa aliyetaka kuiona. Wachambuzi wa magazeti walipewa nakala za kompyuta peke yake. Hakuna aliyepewa nakala ya PlayStation 4 wala Xbox One ili aipime na kuwaambia wasomaji. Muuzaji anayekuonyesha gunia la juu tu na kukukataza kugusa la chini, umeshajua alichonacho.

Basi kwa shabiki na kwa mwekezaji mdogo, mambo ya kutazama ni matatu. Kwanza, je, mchezo wenyewe, si maonyesho, umeonyeshwa ukichezwa kwenye mashine ambazo watu wanazo nyumbani? Pili, je, wachambuzi wamepewa nakala za mashine zote siku kadhaa kabla? Tatu, je, kampuni inawakimbiza wafanyakazi kwa kazi ya siku 6 katika miezi ya mwisho? Hiyo ya tatu ni dalili kwamba tarehe imewekwa na mtu asiyeijua kazi.

Majibu yakiwa mazuri, kuahirishwa kwa miezi michache hakutamdhuru mtu ila yule aliyenunua hisa za mkopo. Majibu yakiwa mabaya, hata mauzo ya mamilioni siku ya kwanza hayatazizuia hisa kuanguka, kama tulivyoona.

FEDHA NA MAPENZI

Liko funzo moja zaidi, na linatoka kwa mwandishi wa vitabu mwenyewe. Sapkowski alipopewa nafasi ya kupata asilimia ya mapato ya mchezo, alikataa. Hakuamini kwamba mchezo wa kompyuta unaweza kuleta fedha. Akataka alipwe zote pale pale kwa mkupuo. Mwaka 2018, baada ya kuona mamilioni yakiingia, mawakili wake waliidai kampuni zloti milioni 60. Desemba 2019 pande mbili zilifikia mapatano mapya. Huyo alikosa kwa kutoamini. Mwaka 2020 wengine walipoteza kwa kuamini mno.

Kati ya hao wawili ndipo penye njia ya mwekezaji mdogo. Anayeupenda mchezo na aucheze. Akipenda ainunue nakala yake siku ya kwanza. Hasara yake kubwa kabisa ni bei ya mchezo mmoja. Lakini akiba ya nyumba isiwekwe kwenye hisa kwa sababu tu filamu ya dakika sita ilimsisimua. Kampuni ya zao moja inafaa kuwa sehemu ndogo ya mali ya mtu, pamoja na hisa za mabenki, za viwanda na dhamana za serikali. Anayeshika hisa hizo afanye hivyo kwa muda mrefu, akijua kwamba bei itapanda na kushuka kwa kila neno la tarehe.

Shabiki anayeandika haya anatumaini mchezo utakuwa mzuri. Angependa kumwona Ciri akiingia kijiji cha kwanza, akipatana bei, kisha akigundua kwamba zimwi si tatizo. Angependa zaidi mchezo uchelewe mwaka mzima kuliko utoke kabla ya wakati. Na mwanahisa, akiipiga hesabu ya 2015 na ya 2020 kando kwa kando, ataona kwamba faida yake ipo pale pale alipo shabiki.